Nani Anamlipia Mgonjwa? Mifumo ya Kugharamia Matibabu Ikitazamwa Kutoka Mwanza

Katika foleni ya wagonjwa wa nje ya hospitali yoyote kubwa ya Mwanza, iwe Sekou Toure ya mkoa au Bugando ya rufaa ya kanda, watu walioketi benchi moja wakiugua ugonjwa uleule hawalipi kwa njia moja. Mwalimu wa shule ya msingi anaonyesha kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya na kuondoka na dawa bila kutoa fedha. Mchuuzi wa dagaa aliyetoka mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki la ufukoni, anapewa namba ya malipo, analipa kwa simu, ndipo anaruhusiwa kuingia maabara. Mtoto ambaye hajatimiza miaka mitano, na bibi aliyevuka miaka 60 asiye na uwezo, wanapaswa kuhudumiwa kwa msamaha. Anayeishi na virusi vya UKIMWI anachukua dawa zake bila malipo, kwa kuwa sehemu kubwa ya gharama yake imebebwa kwa miaka mingi na wafadhili wa nje.

Wote hao wako chini ya paa moja, lakini kwa habari ya gharama kila mmoja anaishi katika nchi yake. Mwalimu anatibiwa kwa utaratibu uliobuniwa Ujerumani katika karne ya 19. Mtoto na bibi wanatibiwa kwa utaratibu ambao Waingereza waliufanya wa nchi nzima mwaka 1948. Anayetumia dawa za kufubaza virusi anategemea maamuzi ya bajeti yanayofanywa Washington, kwenye serikali ya Marekani, na Geneva, kwenye Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Mchuuzi wa dagaa yuko katika utaratibu wa kale kuliko yote, ambamo mwenye fedha hutibiwa na asiye nazo husubiri. Kwa hiyo swali la Tanzania inatumia mfumo gani halina jibu la neno moja, na kwa kweli ni nchi chache sana duniani zenye jibu la namna hiyo.

Ili kuzitenganisha nyuzi hizi inafaa kuuliza mambo matatu kwa kila nchi: fedha zinakusanywa kutoka kwa nani na wakati gani, zinawekwa katika mifuko mingapi, na mfuko unamlipa vipi anayetibu. Mabishano ya vijiweni, na hata ya bungeni, hukwama kwenye swali la kwanza. Nionavyo mimi, hayo mawili yanayofuata ndiyo huamua kama mgonjwa atatibiwa vizuri au atazungushwa.

Tuanze na Ujerumani, kwa sababu ndiko bima ya lazima ilikoanzia. Mwaka 1883, chini ya Kansela Otto von Bismarck, ilipitishwa sheria iliyowalazimu wafanyakazi wa viwandani na waajiri wao kuchangia mifuko ya magonjwa. Utaratibu huo umeishi kupita vita mbili kuu na mgawanyiko wa nchi. Leo mchango wa msingi ni asilimia 14.6 ya mshahara, nusu ikitolewa na mfanyakazi na nusu na mwajiri, pamoja na nyongeza ambayo kila mfuko hujipangia. Mifuko yenyewe, ambayo ni kama mia moja hivi, si idara za serikali, na hospitali ni mchanganyiko wa zile za umma, za taasisi za kidini na hisani, na za wafanyabiashara. Jambo la kushika ni kwamba mchango hufuata kipato na haufuati hali ya afya: mwenye kisukari na asiyeumwa kitu, wakiwa na mshahara sawa katika mfuko mmoja, hukatwa sawa, na mwenza asiye na kipato pamoja na watoto huingia bila kulipiwa zaidi.

Mfuko wetu wa Taifa, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ulizaliwa kwa sura hiyohiyo. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3 nyingine, na familia inaingia. Utaratibu huu una uzuri mmoja mkubwa, nao ni kwamba fedha hukatwa kabla hazijafika mkononi. Una pia sharti moja kubwa, kwamba lazima kuwe na mshahara wa kukatwa. Ujerumani ya Bismarck ilikuwa nchi ya viwanda vinavyoongezeka kila mwaka. Ufuko wa Ziwa Victoria ni nchi ya mitumbwi, mashamba ya pamba na mihogo, machimbo madogo ya dhahabu, genge na bodaboda. Nitalirudia hili, kwa sababu ndilo fundo lenyewe.

Waingereza walichukua njia nyingine. Ripoti ya William Beveridge ya mwaka 1942, iliyoandikwa katikati ya vita, ilidai kuwe na huduma ya afya kwa kila mkazi, na tarehe 5 Julai 1948 waziri Aneurin Bevan akaizindua Huduma ya Afya ya Taifa, inayogharamiwa hasa kwa kodi za kawaida. Mgonjwa wa Leeds au Cardiff anaweza kufanyiwa upasuaji wa moyo na kurudi nyumbani bila kumwona mhasibu. Hiyo haina maana kwamba hakuna anacholipa. England hutoza paundi 9.90 kwa kila dawa iliyoandikwa na daktari, ingawa makundi mengi yamesamehewa, huku Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini wakiwa wameifuta ada hiyo. Gharama nyingine hulipwa kwa muda: katika miaka ya karibuni orodha ya wanaosubiri matibabu ya hospitali England imepita milioni 7. Fedha zisipotosha, mfumo wa bei hupanga foleni kwa fedha alizo nazo mgonjwa, na mfumo wa kodi hupanga foleni kwa kalenda.

Wazee wa kwetu hawahitaji kwenda London ili kuelewa mfumo wa kodi, maana waliuishi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 matibabu katika vituo vya umma yalikuwa bila malipo, na mwaka 1977 ikapigwa marufuku tiba ya kibinafsi ya kutafuta faida. Zahanati zilijengwa vijijini kwa kasi ambayo hadi leo inatajwa kwa heshima. Kisha ikaja hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980, na zahanati zikabaki na kuta, muuguzi na rafu tupu. Mwaka 1991 tiba ya kibinafsi iliruhusiwa tena, na mwaka 1993 serikali ikaanzisha kuchangia gharama, ikianzia hospitali za rufaa na kushuka ngazi kwa ngazi. Wapo wanaosimulia mwisho wa enzi zile kama usaliti wa wanasiasa wa baadaye, na wapo wanaozisimulia kama ndoto isiyowezekana. Zote mbili naziona hadithi fupi mno: huduma ya kodi huwa na nguvu za kodi yenyewe, na nchi isiyo na kodi ya kutosha hugawa ahadi.

Kati ya Berlin na London ziko nchi nyingi zilizochanganya. Kanada hutumia kodi, lakini madaktari wake wengi ni watu wa kujitegemea wanaoidai serikali ya jimbo. Jambo hilo lilianzia jimbo la Saskatchewan, ambako bima ya hospitali ilianza mwaka 1947 na ya madaktari mwaka 1962, tena huku madaktari wakiwa wamegoma. Marekani ni mchanganyiko wa aina yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mishahara ilidhibitiwa, na waajiri wakawavutia wafanyakazi kwa kuwapa bima. Mazoea hayo ya dharura yakaganda, na mwaka 1965 serikali ikaongeza mpango wa wazee na mpango wa maskini. Hadi leo Mmarekani anaweza kupoteza kazi na bima kwa barua moja. Nchi hiyo hutumia takriban asilimia 17 ya pato lake lote kwa afya, kuliko nchi nyingine yoyote tajiri, na bado watu zaidi ya milioni 25 hawana bima.

Sasa turudi kwa mchuuzi wa dagaa, kwa sababu idadi kubwa ya Watanzania wako upande wake wa benchi. Hana bima, lakini si kweli kwamba hana utaratibu. Akiugua sana familia huuza wavu, mashine ya boti au ng'ombe aliyeko kwao Magu. Ikizidi, linafunguliwa kundi la WhatsApp na ndugu, majirani na watu wa kanisani au msikitini wanachangishana. Huo ni mfuko wa kweli, na umeokoa maisha mengi, ila una kasoro mbili. Fedha zinaanza kutafutwa mgonjwa akiwa tayari kitandani, na wanaochanga ni watu wenye hali kama yake, hivyo mwaka wa samaki wachache huwakausha wote kwa pamoja. Kipimo kilichotumika kwa miaka mingi katika Malengo ya Maendeleo Endelevu husema kaya imeumizwa na gharama za afya pale zinapopita asilimia 10 ya matumizi yake yote. Kwa kaya nyingi za mwaloni, kipimo hicho hupitwa kwa kulazwa mara moja.

Jibu la kwanza la Tanzania kwa watu hawa lilikuwa bima ya hiari. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, ukapata sheria mwaka 2001, na ulipoboreshwa mwaka 2018 mchango ukawa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Ni bei ambayo mtu angedhani haikataliki. Hata hivyo wengi hawakujiunga, na sababu moja inaonekana kwa hesabu ya kawaida. Tuchukue kaya 100, kila moja imetoa 30,000, na mfuko una milioni 3. Kaya tano zinapata mgonjwa anayehitaji matibabu ya laki tano, jumla milioni 2.5, na mfuko umesimama. Mwaka unaofuata kaya 60 ambazo hazikuugua zinaona fedha zao zimepotea, zinajiondoa. Mfuko una milioni 1.2 na wagonjwa ni walewale. Ili usife, kila kaya iliyobaki italazimika kutoa 62,500, na kwa bei hiyo wenye afya nafuu miongoni mwao nao wataondoka. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya; kila mmoja amefanya kilicho na busara nyumbani kwake, na mfuko umekufa.

Hili ndilo lililoikumba kadi ya watoto iliyouzwa kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Wazazi wengi waliikimbilia pale mtoto alipokwisha kugundulika ana ugonjwa mkubwa, na hapa Kanda ya Ziwa, ambako siko seli imeenea, mzazi wa namna hiyo si mgeni kwa mtu. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja na kutaka watoto waandikishwe kupitia shule, yaani kwa makundi yenye wagonjwa na wazima pamoja. Uamuzi huo uliwaumiza watu, na sioni vibaya waliolalamika. Lakini hoja ya kihesabu iliyokuwa nyuma yake ilikuwa sahihi.

Majirani zetu wametafuta njia mbalimbali za kutoka katika mtego huu. Rwanda iliifanya bima ya jamii kuwa ya lazima, ikazipanga kaya kwa madaraja ya uwezo, na maskini kabisa wakalipiwa na serikali na wafadhili; ikawafikia zaidi ya asilimia 80 ya watu wake. Wanaosifu mfano huo husahau kuongeza kwamba utawala wa Rwanda hufika mlangoni kwa mtu kuliko wa nchi nyingi, na kwamba shinikizo la viongozi wa vijiji lilikuwa sehemu ya dawa. Ghana, kwa sheria ya mwaka 2003, iliongeza asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma kwa ajili ya bima, na tozo hiyo ndiyo iliyokuja kuubeba mfuko kuliko michango ya wanachama. Kenya imeiacha bima yake ya tangu mwaka 1966 na kuanza mpya Oktoba 2024: mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake na mali zake ili akadiriwe, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 za Kenya kwa mwezi.

Hapo kwenye neno "mwezi" ndipo sera hukutana na ziwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi yake gizani. Siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hukaa nchi kavu, na baharia, yaani mvuvi wa mtumbwini, hulala bila senti mpya. Tena baharia hapokei mshahara; hupokea mgawo wa mavuno baada ya mwenye chombo kutoa mafuta, chakula na gharama zake. Wiki moja anaweza kuwa na fedha kuliko mwalimu, na wiki ya pili akakopa unga. Asilimia ya nini atakatwa, na nani atakata? Afisa atakayemfuata Igombe leo atamkosa, kwa kuwa kambi imehamia kisiwani kufuata samaki. Bima ya Bismarck haikubuniwa kwa mtu huyu, na kumdai mchango wa kila mwezi ni kumlazimisha aishi kwa kalenda ambayo ziwa halina.

Thailand ilikutana na mkulima wa mpunga mwenye tabu hiyohiyo, na mwaka 2002 ikaamua kuacha kumdai. Wote waliokuwa nje ya bima ya waajiriwa na ya watumishi wa serikali waliingizwa katika mpango mmoja unaogharamiwa kwa kodi, mgonjwa akilipa baht 30 kwa kila ziara. Huo ndio mfano ambao naona unatufaa zaidi, kwa sababu baharia wa Kirumba tayari ni mlipakodi: ananunua soda, bia, mafuta ya mashine na muda wa maongezi, na kila kimoja kina kodi ndani yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge letu Novemba 2023 imeelekea huko nusu. Imeifanya bima kuwa ya lazima, na kwa wasio na uwezo imeweka mfuko unaotazamiwa kulishwa na sehemu ya ushuru wa vinywaji, vileo na vipodozi pamoja na kodi ya michezo ya kubahatisha. Ugumu unabaki katikati, kwa yule ambaye si maskini wa kuandikishwa na serikali ya mtaa wala si mwajiriwa wa kukatwa. Nakiri kwamba kodi ya bidhaa ina dhuluma yake, kwa kuwa soda ina ushuru uleule kwa tajiri na kwa mchoma mahindi. Lakini inakusanyika, na mchango wa hiari haukusanyiki.

Fedha zikishapatikana kuna swali ambalo wananchi huliona tu linapolipuka: mfuko unailipaje hospitali? Kama unailipa kwa kila kilichofanyika, yaani kumwona daktari bei yake, kipimo bei yake, kulala bei yake, hospitali haina sababu ya kifedha ya kupunguza chochote, na mgonjwa wa malaria anaweza kutoka na karatasi za vipimo sita. Kama unailipa kwa kichwa, kwa kuipa kituo kiasi maalumu kwa kila aliyesajiliwa, aumwe asiumwe, ubadhirifu hukoma lakini huingia kishawishi cha kinyume, cha kumrudisha mtu nyumbani na panadol. Thailand huwalipia wagonjwa wa nje kwa njia hiyo, na madaktari wa familia wa England hupata sehemu kubwa ya mapato yao hivyo. Mpango wa wazee wa Marekani ulianza mwaka 1983 kulipa bei moja kwa kundi la ugonjwa, na Ujerumani ikafuata miaka ishirini baadaye. Mfano wake ni upasuaji wa kujifungua kuwa na bei yake moja, mama alale siku tatu au saba. Hapo hospitali hujifunza kutopoteza muda, na ikizidisha humtoa mama kabla hajapona.

Japani imechukua hatua nyingine ya kuvutia. Kuna vyombo vingi vya bima, lakini kitabu cha bei ni kimoja kwa nchi nzima, hupitiwa kila baada ya miaka miwili, na mgonjwa wa kawaida hulipa asilimia 30 hadi kikomo cha mwezi. Marekani kila bima binafsi hujadiliana na kila hospitali kivyake, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya gharama zake: Wamarekani hawaendi kwa daktari mara nyingi kuliko watu wa nchi nyingine tajiri, ila kila wanapokwenda bei ni kubwa. Sisi tulionja ladha ya jambo hili Machi 2024, Mfuko wa Taifa ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao chenye bei mpya na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kuwapokea wanachama. Magazeti yaliliandika kama ugomvi. Kwa hakika ulikuwa mjadala ambao kila nchi yenye bima huufanya, isipokuwa kwetu ulifanyika mgonjwa akiwa mapokezi na kadi mkononi.

Hata mfumo uliokusanya vizuri na kulipa vizuri unaweza kumkuta mgonjwa mbali na huduma. Uganda ilifuta ada katika vituo vya serikali mwaka 2001, wagonjwa wakaongezeka sana, hasa maskini. Lakini dawa ziliisha rafuni mapema, na watu wakaendelea kutoa fedha mfukoni, safari hii kwenye maduka ya dawa. Upande wetu, tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati badala ya kukaa halmashauri, na ni hatua ndogo yenye faida kuliko hotuba nyingi. Bado mkazi wa Ukara anayepewa rufaa kuja Mwanza anakuta nauli ya kivuko, chakula cha ndugu anayemuuguza na siku za kazi zilizopotea havimo katika kitita chochote kinachomfikia, na hizo ndizo humchelewesha. Thailand ilikuwa imeanza mapema: tangu mwanzo wa miaka ya 1970 iliwalazimu madaktari wapya kutumikia vijijini, na kwa miongo kadhaa kabla ya 2002 ilijenga hospitali wilaya kwa wilaya, hivyo fedha za mpango mpya zilikuta majengo na watumishi wakiwa tayari karibu na mkulima.